Sekunde Mbili na Miaka Mia

Ukinunua umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, jioni pale Nkuhungu au Chang'ombe jijini Dodoma, ujumbe unaoingia kwenye simu unakuja na tarakimu 20. Hakuna anayezibeba zote kichwani kwa mkupuo. Unasoma nne, unabonyeza nne kwenye mita, unarudi kwenye simu kuchukua nyingine nne. Mtoto akikuita katikati, kundi ulilokuwa nalo linapotea na unalisoma upya. Taa zikishawaka, ukiulizwa hata kundi la kwanza lilikuwa namba gani, huna la kujibu. Lakini mtu huyohuyo, kama ana umri wa kutosha, mwulize alikuwa wapi aliposikia kwamba Mwalimu Nyerere amefariki, Oktoba 14, 1999. Atakutajia mahali, aliyempa habari, pengine hata nguo aliyovaa.

Watu wengi hueleza tofauti hii kwa kutazama saa: kumbukumbu moja hudumu kidogo, nyingine hudumu sana. Maelezo hayo ni ya kweli ila yanaacha nje jambo kubwa. Kumbukumbu ya muda mfupi na ile ya muda mrefu hutofautiana kwa kiasi zinachobeba, kwa umbo la kile zinachobeba, kwa sehemu za ubongo zinazohusika, na zaidi ya yote kwa namna kitu kinavyoingia ndani yake. Hili la mwisho ndilo linalonisukuma kuandika, kwa sababu shule zetu huendeshwa kana kwamba kitu kikikaa muda mrefu wa kutosha kwenye ile fupi, kitahamia chenyewe kwenye ile ndefu. Hakihami hivyo.

Tuanze na ile fupi. Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani George Miller alitangaza kipimo kilichokuja kuwa maarufu: vitu saba, pungufu au zaidi ya hapo kwa viwili. Mwaka 2001 Nelson Cowan alikusanya ushahidi kwamba mtu akizuiwa kurudiarudia kimoyomoyo na kuunganisha vitu, hubaki na takribani vinne tu. Swali gumu ni kitu kimoja ni kipi. Namba ya kitambulisho cha taifa, cha NIDA, nayo ina tarakimu 20, sawa na tokeni ya LUKU, lakini nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kwa mwenye kitambulisho hivyo si vitu vinane. Ni kitu kimoja, tena alichokuwa nacho tangu zamani.

Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu mjini Pittsburgh, Marekani, alilionyesha hili kwa namna ya kustaajabisha. Alikuwa mkimbiaji. Kwa mazoezi ya zaidi ya mwaka mzima alifikia kurudia tarakimu 79 baada ya kusomewa mara moja. Taarifa ya Anders Ericsson na wenzake ilichapishwa mwaka 1980. Siri yake ilikuwa kuzigeuza tarakimu kuwa muda wa mbio. Mpenzi wa riadha wa Tanzania angeweza kufanya vilevile: akisikia 3322 ataona dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia ya mita 1,500 aliyoweka Filbert Bayi kule Christchurch mwaka 1974. Ajabu ni kwamba mkimbiaji yule alipopewa herufi badala ya tarakimu, aliishia kwenye takribani sita kama sisi wengine. Kumbukumbu yake fupi haikuwa imepanuka hata kidogo. Alichokuwa amefanya ni kuipa kila namba mpya mahali pa kujishikiza katika mambo aliyoyajua zamani.

Mwaka 1974 Waingereza Alan Baddeley na Graham Hitch walipendekeza kwamba kumbukumbu fupi ni mahali pa kufanyia kazi zaidi ya kuwa mahali pa kuhifadhi. Ina upande wa sauti, upande wa picha na nafasi, na msimamizi anayegawa usikivu. Upande wa sauti ndio tunaoujua vizuri zaidi. Mwaka uliofuata Baddeley na wenzake walionyesha kuwa unabeba takribani kile ambacho mtu anaweza kutamka kwa sekunde mbili. Kikomo chake ni urefu wa maneno, si idadi yake peke yake. Watafiti waliowapima wasemaji wa Kiwelisi mwaka 1980 walikuta wanashika tarakimu chache zaidi kwa Kiwelisi kuliko kwa Kiingereza, kwa kuwa tarakimu za Kiwelisi huchukua muda zaidi kutamkwa. Zetu, kuanzia moja hadi tisa, zina silabi mbilimbili, na sifuri ina tatu. Za Kichina zina silabi moja moja. Kwa hesabu hiyo msemaji wa Kiswahili anayerudia namba ya simu kimoyomoyo ana mzigo mzito zaidi, na tunapogawa namba ya tarakimu kumi kwa mafungu tunafanya jambo la busara.

Sasa, je, ile fupi ni lango la kuingilia ile ndefu? Kwa miaka mingi ndivyo ilivyofundishwa, hasa baada ya mfumo uliochorwa na Atkinson na Shiffrin mwaka 1968. Mwaka mmoja tu baadaye, Elizabeth Warrington na Tim Shallice walimweleza mgonjwa mmoja aliyeumia upande wa kushoto wa ubongo. Ukimsomea tarakimu tatu, hawezi kuzirudisha. Hata mbili zilimpa shida. Lakini alijifunza na kukumbuka mambo ya maisha kama kawaida. Lango lilikuwa karibu limefungwa, na bado vitu viliingia. Miaka ya 1980 mgonjwa mwingine, Mwitaliano, alisaidia kueleza kilichokuwa kikiendelea. Aliweza kujifunza jozi za maneno ya Kiitaliano bila taabu. Aliposomewa maneno ya Kirusi kwa sauti, hakushika hata moja. Neno la lugha unayoijua huingia kwa mlango wa maana. Neno ambalo bado ni sauti tupu lazima libebwe na zile sekunde mbili, na zikiharibika halina pa kupitia.

Upande wa pili wa ushahidi ni Henry Molaison, aliyejulikana kwa herufi H.M. hadi alipofariki mwaka 2008. Mwaka 1953, Molaison akiwa na miaka 27, daktari William Scoville wa Hartford alimpasua kichwa ili kutibu kifafa kikali, akaondoa sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili, ikiwemo sehemu kubwa ya hipokampasi. Kifafa kilipungua. Kuanzia siku hiyo hakuweza tena kuhifadhi tukio jipya. Mwanasaikolojia Brenda Milner, aliyemchunguza kwa miongo mingi, ilibidi ajitambulishe upya kila mara. Lakini kumbukumbu fupi ya H.M. ilikuwa nzima. Aliwahi kushikilia namba 584 kwa dakika 15 kwa kuirudia na kuizungushia hesabu kichwani. Usikivu wake ulipoelekezwa kwingine, namba ilitoweka, na hata kwamba aliwahi kupewa namba hakukumbuka. Dakika 15 ni muda mrefu sana. Kama kukaa kwenye ile fupi kungetosha, 584 ingeingia.

Tofauti hii ipo hadi kwenye chembe za neva. Eric Kandel, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2000, alichunguza konokono wa baharini na kuonyesha kwamba kumbukumbu ya dakika hutokana na kubadilishwa kwa nguvu ya viungio vilivyopo kati ya neva, ilhali ya siku na majuma huhitaji jeni kuamshwa, protini mpya kutengenezwa na viungio vipya kuota. Huo ni ujenzi, na ujenzi unataka muda. Sehemu yake hufanyika mtu akiwa amelala, jambo ambalo mwanafunzi anayekesha kuamkia pepa analinyima nafasi.

Na kumbukumbu ndefu yenyewe si kitu kimoja. H.M. huyohuyo alifundishwa kuchora nyota akitazama kioo, kazi inayochanganya mkono wa kila mtu. Kwa siku tatu alizidi kuwa stadi, na kila siku aliapa kuwa hajawahi kuifanya. Mkono ulijua asichokijua yeye. Tazama sasa wanawake wa Kigogo wakipiga muheme, ngoma imebanwa katikati ya mapaja, midundo ya mmoja ikipita katikati ya midundo ya mwenzake huku wakiimba juu yake. Aliyebobea ukimwuliza mkono wake wa kushoto hufanya nini, atakuomba apige kwanza ndipo ajibu. Marehemu Hukwe Zawose, mtoto wa Dodoma aliyeufikisha muziki wa Wagogo kwenye majukwaa ya dunia, alipiga ilimba, ala ya kupigwa kwa vidole, na kuimba kwa wakati mmoja. Hilo haliwezekani kama vidole bado vinasubiri kuelekezwa kimoja kimoja na ile fupi.

Mbali na ustadi wa viungo kuna kumbukumbu inayoweza kusemwa, ambayo Endel Tulving aliigawa mwaka 1972 katika mafungu mawili: ya matukio uliyoyapitia mwenyewe, na ya maarifa ambayo hukumbuki ulijifunza lini. Kwamba Dodoma ni makao makuu ya nchi ni maarifa. Siku uliyoshuka stesheni ya Dodoma kwa mara ya kwanza ni tukio. Yakianza kupotea hayapotei pamoja. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu kwa takribani asilimia 6.4 ya wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Katika aina iliyo ya kawaida zaidi, ile ya Alzheimer, uharibifu huanzia karibu na hipokampasi, kwa hiyo matukio mapya ndiyo hutangulia kwenda. Bibi anakuuliza mara ya tano kama umekula, kisha anaimba wimbo wa unyago wote bila kuruka neno. Familia nyingi huona hapo hila au uchawi. Si hila. Wimbo na chakula cha mchana havikuwa vimehifadhiwa kwa njia moja.

Matukio nayo hupangwa kwa namna yake, na Tanzania ya kati ina ushahidi mzuri wa namna hiyo. Makarani wa sensa, wakimkuta mzee asiyejua mwaka wake wa kuzaliwa, hutumia orodha ya matukio: alizaliwa kabla au baada ya njaa fulani, vita fulani, Uhuru. Wataalamu wa takwimu huiona njia hiyo kama msaada kwa wasio na vyeti. Mimi naiona kama njia inayofuata umbo la kumbukumbu kuliko tarehe yenyewe. Mwaka 1983 Elizabeth Loftus na Wesley Marburger walionyesha kuwa Wamarekani waliosoma, wenye kalenda ukutani, hutaja wakati wa mambo yao kwa usahihi zaidi wakiulizwa yaliyotokea tangu mlima St. Helens ulipolipuka kuliko wakiulizwa ya miezi sita iliyopita. Ni mara chache akili huhifadhi miaka kwa namba. Tunahifadhi nguzo chache, na mengine tunayaegemeza hapo.

Kwa Wagogo nguzo hizo zimekuwa njaa, na kila njaa kubwa ina jina. Iliyo nzito kuliko zote ni Mtunya, ya kati ya 1917 na 1920. Majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, mvua zikakataa, kisha ikaja homa ya mafua ya 1918. Mwanahistoria Gregory Maddox ameandika kuwa watu kama 30,000 walikufa kati ya wakazi kama 150,000 wa Ugogo. Jina moja limebeba yote hayo, na ukilitaja mbele ya wazee wa Mvumi au Chamwino huhitaji kueleza zaidi. Ila tuangalie vizuri kumbukumbu hii sasa ni ya aina gani. Aliyeiona Mtunya kwa macho hayupo tena. Kilichokuwa tukio katika vichwa vya maelfu kimekuwa maarifa katika vichwa vya wajukuu: kinajulikana, hakikumbukwi. Kwa hiyo masimulizi yake leo ni laini, yamekwishapangwa, yamepoteza vile vipande visivyolingana ambavyo shahidi husema bila kupanga. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa huko Dodoma mwaka 1917 njaa hiyo ikianza, alichapisha historia na mila za Wagogo mwaka 1954, wakati walioishi kipindi kile bado walikuwa na nguvu za kusimulia. Alifanya kwa wakati wake jambo ambalo kwa Operesheni Dodoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 tunapaswa kulifanya sasa. Watu ambao operesheni hiyo iliwahamisha kutoka kwenye makazi yao hadi vijiji vya ujamaa wakiwa vijana wako katika miaka ya sabini na themanini.

Kukusanya masimulizi, hata hivyo, kunataka tahadhari. Aprili 12, 1984 Waziri Mkuu Edward Sokoine alifariki katika ajali mkoani Morogoro, akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam, na waliokuwa watu wazima siku hiyo hueleza walivyopata habari kana kwamba ilikuwa juzi. Ulric Neisser na Nicole Harsch walipima kumbukumbu za namna hii. Waliwaandikisha wanafunzi wa Marekani namna walivyosikia kulipuka kwa chombo cha anga Challenger, Januari 1986, siku moja baada ya tukio, kisha wakawauliza tena baada ya takribani miaka miwili na nusu. Kama robo walikosea mambo yote ya msingi: mahali, aliyewaambia, walichokuwa wakifanya. Walisema kwa uhakika mkubwa. Walipoonyeshwa mwandiko wao wenyewe, baadhi bado waliliona tukio kama walivyolikumbuka, si kama walivyoliandika. Kumbukumbu ndefu si ghala ambalo nafaka hutoka kama ilivyoingia. Kila mara tukumbukapo tunajenga upya, na tunaziba mapengo kwa yale yanayofanana na ukweli.

Frederic Bartlett wa Cambridge alikuwa ameliona hilo katika kitabu chake cha 1932, na ndani yake kuna kisa ambacho kila mfugaji wa Ugogo atakielewa. Akiwa kwa Waswazi, kusini mwa Afrika, alimhoji mchungaji kuhusu ng'ombe walionunuliwa na tajiri wake mwaka mmoja kabla. Mchungaji, bila karatasi, alitaja mnyama mmoja mmoja, rangi yake na bei, na orodha iliyoandikwa ikaonyesha makosa madogo mawili tu. Wazungu wa huko walidhani Waswazi wana kipaji cha ajabu cha kukumbuka. Bartlett alipowapa watu wa huko ujumbe wa mambo yasiyowahusu, hawakuwa bora kuliko Waingereza. Ng'ombe walikumbukwa kwa sababu kila ng'ombe alikuwa na mahali pake katika maisha: alitoka kwa nani, alilipia mahari ya nani, anadaiwa na nani. Peter Rigby, aliyeishi na Wagogo na kuchapisha utafiti wake mwaka 1969, aliweka ng'ombe na ukoo katika jina moja la kitabu kwa sababu hakuweza kueleza kimoja bila kingine. Mtu anayejua nasaba ya ng'ombe na ya watu akiona ndama mpya, ndama tayari ana pa kukaa.

Ushairi hufanya kazi hiyo kwa vifaa vingine. Mnyampala huyohuyo ndiye aliyekuza ngonjera, mashairi ya kujibizana ambayo watoto wa shule waliyaghani mbele ya wageni nchi nzima. Katika shairi la kawaida kila kipande kina mizani nane. Tamka mizani nane kwa mwendo wa mazungumzo, utaona inatosha ndani ya zile sekunde mbili za sauti. Kipande kizima kinashikika kwa mara moja kabla hakijaeleweka. Kisha vinaingia vina, ambavyo hupunguza maneno yanayoweza kufuata, na hoja ya shairi, ambayo huyapunguza zaidi. David Rubin wa Marekani, katika kitabu chake cha 1995 kuhusu kumbukumbu na sanaa simulizi, alieleza kuwa ni muungano huo wa sauti, mdundo na maana unaofanya tungo ndefu zidumu vizazi. Kimoja peke yake hakitoshi. Sijui kifaa cha kufundishia kilichopangwa vizuri kuliko hiki kwa kufuata kumbukumbu zote mbili, na nasikitika kwamba ngonjera imebaki kuwa ya kupokelea wageni.

Shuleni sauti hubaki peke yake. Mtoto wa Chamwino huanza darasa la kwanza kwa Kiswahili huku nyumbani akisema Cigogo. Kufikia darasa la saba amejifunza usanisinuru na anaweza kukueleza kwa nini mmea unahitaji mwanga. Kidato cha kwanza kitu kilekile kinarudi kwa jina la Kiingereza na kwa sentensi za Kiingereza, na mara nyingi hakuna anayempa dakika moja ya kumwambia: hiki unakijua. Basi anakibeba kama yule Mwitaliano alivyotakiwa kubeba Kirusi, sauti juu ya sauti. Anakremu. Maarifa aliyokuwa nayo, ambayo yangekuwa pa kujishikiza, yanakaa upande wa pili bila kuitwa. Nimewasikia walimu wakisema watoto wa siku hizi hawana kumbukumbu. Watoto hawa hukumbuka matokeo ya mechi za Dodoma Jiji na nyimbo nzima za Bongo Fleva.

Kuna jambo ambalo mwalimu mwenye wanafunzi themanini na vitabu vichache anaweza kulifanya kesho. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Baadhi walikisoma mara ya pili. Wengine walifunika karatasi na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 81, na waliojipima 75. Baada ya wiki hesabu iligeuka: waliorudia walibaki na 42, waliojipima na 56. Kulitafuta jambo kichwani ndiko kulikoliimarisha. Maswali matano ya somo la wiki iliyopita, yanayoulizwa daftari zikiwa zimefungwa kabla ya somo jipya kuanza, hayahitaji umeme wala bajeti, na mtoto akijibu kwa Kiswahili au Cigogo kabla ya kulipata neno la Kiingereza amekwishafanya sehemu kubwa ya kazi. Ugumu utatoka kwa wanafunzi wenyewe, kwani katika utafiti huohuo waliosoma na kurudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka.